Theluji Iliyofukizwa Udi

Mimi kazi yangu ni kuuza baridi. Kwenye ubao wa duka, kule Wadi Kabir, pameandikwa samaki, kuku na nyama, lakini hivyo ni vitu vya kupita tu. Samaki anakuja, analala kwangu, anakwenda zake. Kinachobaki ni baridi, na baridi yangu hapa Maskati hakuna asiyeijua. Nilianza kwa kubeba mapande ya barafu begani kule Matrah, gunia limerowa mpaka mgongo unakufa ganzi, na leo nna vyumba vitatu ambavyo ukiingia na kanzu peke yake utatoka unatoa shahada. Skuli nilisoma Unguja, darasa tatu, na la tatu sikulimaliza. Wanangu wamesoma mpaka wamechoka. Mmoja anakaa Madinat Sultan Qaboos, kwenye nyumba yenye bustani mbele na nyuma, na friji lake likiharibika ananipigia simu mimi.

Basi mtanisamehe nikisema kwamba siku tamu kuliko zote katika maisha yangu ni ile niliyoambiwa kuwa nchi ya theluji imeishiwa na baridi na inakuja kuiomba kwangu.

Aliyenipa khabari hiyo ni mjukuu wangu wa kike. Kwetu babu na mjukuu wana utani: mimi namwita mke wangu, na bibi yake anamwita mke mwenzangu, na wakigombana mimi hutoka nje. Alikuwa anasoma huko juu kabisa, kaskazini ya dunia, mahali ambapo kope zinaganda ukikonyeza. Akarudi likizo wakati joto la Maskati limesimama wima, akaingia nyumbani kwetu Ansab na sanduku moja na koti moja nene kama godoro.

"Mke wangu," nkamwambia, "hilo koti umekuja kumfunika nani hapa?"

Akacheka, lakini si kicheko chake. Nikajua pana jambo. Siku ya Ijumaa, tulipokwisha kula, akalitoa.

Huko anakosoma, alisema, wako askari wana viwanja vya kufanyia mazoezi ya mizinga. Kombora likipasuka, baruti haiungui yote. Inayobaki inaanguka juu ya theluji kama vumbi, na inakaa pale majira yote ya baridi, imetulia, haimdhuru mtu. Balaa linakuja theluji inapoyeyuka. Maji ya mwanzo mwanzo ndiyo yanayoondoka na sumu nyingi, na ardhi chini bado imeganda kama sakafu, haiyanywi. Yanateleza, yanatafuta ufa, yanatafuta mto, yanatafuta kisima cha mtu. Kazi yake yeye ni kuiweka safari hiyo yote kwenye kompyuta kwa hesabu, ili watu wajue sumu itafika wapi na itafika lini kabla haijafika. Hesabu hiyo wanaiita modeli.

"Kumbe unapiga ramli," nkasema.

"Mpiga ramli haulizwi ushahidi, Babu. Mimi naulizwa."

Mke wangu, yule wa ndoa, alikuwa anamwaga kahawa. Wazee wake walitoka kwenye kijiji cha ndani chenye falaj, ule mfereji wa maji unaogawana kijiji kizima, na jambo la maji humwambii kitu. "Kwenye falaj," akasema, "juu watu wanachota ya kunywa, chini ndiko wanakooga. Hao wanapiga mizinga penye kunywa?"

"Ndiyo hivyo hasa, Bibi."

"Hawana mama zao?"

Ushahidi aliotakiwa kuutoa ulikuwa huu. Anajaza udongo kwenye mabomba ya plastiki, anaugandisha, anaweka theluji juu, anamwaga kitu cha rangi badala ya sumu, halafu anaiyeyusha pole pole na kuangalia rangi inatokea chini saa ngapi. Kama inatokea pale ilipobashiri kompyuta, modeli ni ya kweli. Mabomba yawe matatu, maana moja linaweza kubahatisha. Lakini chumba cha baridi cha skuli yao kilikuwa kimekufa, na vyuma vya kukitengenezea havijafika, wakamwambia asubiri mpaka msimu ujao. Walimu walikuwa wamekwisha panga siku ya kumsikiliza, mwisho wa likizo. Akiwa na jaribio mkononi, atamalizia kuandika akiwa nyumbani. Asipokuwa nalo, ni kurudi kule kwa baridi nyingine nzima.

Akasema huku anaangalia sahani: "Idi iliyopita nilikula tambi za maji moto, nimekaa kitandani na koti. Simu yenu ilipokuja nikasema nna wageni. Sikuwa na mtu. Siwezi tena, Babu."

Bibi yake akaweka buli chini. Mimi nikauliza swali moja tu, la kazi.

"Chumba chao kilikuwa na baridi kiasi gani?"

Akanitajia.

"Hiyo kwangu naweka mboga," nkasema. "Kesho twende."

Tukahamisha kuku wote wa chumba cha tatu, tukawatia cha pili. Fundi wangu wa mitambo ni Mkenya, mtu wa Nyahururu, Mkristo wa kweli, Ijumaa asubuhi humpati mpaka atoke kanisani. Ananiita arbab kama wafanyakazi wote wa hapa wanavyomwita mwenye kazi, na Kiswahili chake kinakwenda kama gari lisilo na breki. Nilipomwambia tunatengeneza theluji akavua kofia.

"Arbab, mimi nilitoka Nyahururu nikihepa baridi. Nikavuka bahari. Sasa baridi imenifuata hadi Oman, na ni mimi naipikia!"

"Ipike vizuri. Wageni wanaitazama."

Theluji yenyewe tuliipata kwa mashine ya kukwangua barafu, ile ya maduka ya juisi. Mwenye duka aliniuliza naitaka ya nini, nikamwambia ya mambo ya mizinga, akanipa upesi na wala hakuuliza nitarudisha lini. Jua tulilipata kwa taa nyekundu za kukuzia vifaranga. Rangi aliitoa bibi yake jikoni, ileile anayotilia biriani, maana alikwishaapa kwamba baruti, hata ya mfano, haiingii chumba kilicholala kuku. Basi yakasimama mabomba matatu yamejipanga, kila moja na udongo mgumu kama jiwe, juu yake theluji nyeupe, na juu ya theluji rangi ya biriani imenyunyizwa. Nyaya zikaingia huku na kutokea huku. Mjukuu wangu akayaangalia kama anavyoangalia mtu watoto wake siku ya kwanza ya skuli.

Mlangoni akabandika karatasi kwa Kiarabu, Kiingereza na Kiswahili: USIFUNGUE. Akatuambia kwa mdomo pia. Hewa ya nje ikiingia, kitu kikigusa ile theluji, kazi imekufa, na siku za kuanza upya hakuna.

Mimi sikufungua. Naliandika hili wazi, maana wapo wanaosema vingine. Mimi nilichofanya ni kuzungumza. Kila baada ya sala ya alasiri tunakaa wazee pale nje ya msikiti Ansab, na mtu mwenye theluji Maskati mwezi wa moto, asiyaseme hayo, basi na aseme nini?

"Wewe?" akasema mmoja, mstaafu wa serikali, amekaa ofisini maisha yake yote na mikono yake laini kama halua. "Mwaka juzi ulituletea aiskrimu ya futari, tukainywa kwa gilasi."

"Theluji ya Wadi Kabir," akasema mwengine, "hiyo lazima itakuwa na grisi."

Nikawaambia nchi nzima ya baridi imenipigia magoti. Nikawaambia mjukuu wangu anajua sumu itapita wapi kabla sumu yenyewe haijajua. Wakacheka, lakini wakaenda kuyasema majumbani, na wake zao wakapiga simu kwa mke wangu mmoja baada ya mwengine: hongera, hongera, mashaallah, mtoto hodari huyo, na ameolewa?

Mke wangu akakata simu ya mwisho, akakaa kitako. "Mtoto anasemwa na Ansab nzima," akasema. "Na kazi yake imesimama kule haina hata kinga ya hasadi."

Sikumsikiliza vizuri. Nilikuwa natafuta miwani.

Alhamisi magharibi kwetu ni siku ya kufukiza. Mke wangu hufukiza nyumba, nguo, mapazia, gari, na mimi mwenyewe nikisimama njiani. Udi anaupika kwa mkono wake, kwa sukari na manukato, na ubani anatia juu. Alhamisi ile mjukuu wetu alikuwa amekuja nyumbani kuoga na kula, kwa sababu mabomba alikwisha yaacha na taa zinawaka, yanaanza kuyeyuka taratibu kama alivyotaka. Nikasali, nikarudi, nyumba inanukia vizuri, lakini mfukizaji hayupo.

Tuliyajua yote asubuhi.

Kwanza tuliyajua kwa pua. Tulifungua mlango mkubwa wa duka, mimi na mjukuu wangu, na badala ya harufu ya samaki tukapokewa na harufu ya arusi. Mjukuu wangu akasimama.

"Babu. Mbona kunanukia Bibi?"

Akakimbia chumba cha tatu. Mabomba mawili yalikuwa sawa, theluji yake nyeupe, inapungua kwa adabu. Lile la kwanza karibu na mlango lilikuwa na uso mweusi. Majivu na masizi yamelala juu ya theluji kama unga wa kahawa, theluji imeshuka nusu nzima, na chini, kwenye chupa ya kupokelea maji, rangi ya biriani imekwishafika. Ilikuwa haitakiwi kufika mpaka kesho yake.

Akakaa juu ya katoni. Hakulia kwa sauti. Nikamngoja fundi atoke kanisani, nikamwita.

"Nani kafungua?"

"Arbab, ni Mama."

"Hukuona karatasi?"

"Niliona. Nikamwonyesha. Mama akasema hiyo karatasi ni ya watu wengine." Akajikuna. "Alikuja na teksi, ameshika kikapu, ndani kuna makaa inawaka. Nikamwambia Mama, huku moto hairuhusiwi. Akaniambia ni dawa ya macho ya watu. Sasa mimi ningemwambia nini? Hata kwetu kuna macho ya watu."

Mke wangu alipofika, na teksi ileile, hakuwa na dalili ya majuto.

"Nimeyakuta yamekaa uchi," akasema. "Hayajasomewa hata bismillahi."

"Bibi, ulifanya nini hasa? Niambie moja moja."

"Nilianza na hili la mlangoni. Chetezo kikakataa, makaa yanazimika kwa baridi ya babu yako. Nikapuliza."

"Ukapuliza wapi?"

"Ndani ya chetezo! Phuuu! Mara mbili, tatu. Majivu yakaruka, mimi nitayashika? Halafu meno yakaanza kunigonga, nikasema haya mengine Mungu atayaangalia. Nikatoka."

"Umemrejesha mtoto kwenye tambi zake," nkamwambia.

Hapo ndipo alipokaa. Akaichukua ncha ya mtandio akaanza kuipiga pindo, na mke wangu akipiga pindo kitu kisichotaka pindo, amevunjika.

Nikaona ni juu yangu. Nikamwita mjukuu wangu pembeni, nikampa akili ya sokoni. "Mke wangu, mtu mwenye samaki watatu, mmoja kaharibika, anauza wawili. Hilo bomba limwage. Waambie yalikuwa mawili. Nani atajua?"

"Babu, mimi siuzi samaki."

"Kila mtu anauza samaki."

"Mtu atakunywa kisima kwa sababu mimi nimeandika maji hayajafika," akasema. "Nikianza kumwaga bomba nisilolipenda, leo hili, kesho jingine." Akapangusa pua kwa mkono wa nguo kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mdogo. "Nitawaambia lilivyokuwa."

Nikaenda kugombana na fundi juu ya kitu kingine.

Siku ya kusikilizwa ikafika. Kompyuta ikawekwa sebuleni Ansab, kwenye meza ya tende. Nikakaa pembeni na kilemba changu cha Idi, maana ni baridi yangu inayohojiwa. Wakatokea walimu wake watatu kwenye kioo, na mkubwa wao, mzee wa ndevu, amevaa shati la mikono mifupi na dirishani kwake miti ya kijani kibichi. Nikahamaki.

"Theluji iko wapi?"

"Ni kiangazi kule, Babu. Nyamaza."

"Basi Maskati leo ina theluji na wao hawana. Mwambie."

Hakumwambia. Akaonyesha michoro yake. Mabomba mawili yalipita karibu kabisa na mstari aliouchora kwenye kompyuta kabla ya kuanza. Hilo hata mimi niliona, mistari imefuatana kama watu wa msafara mmoja. Lile la mlangoni limekata njia peke yake, limetangulia. Mzee wa ndevu akaweka kidole kwenye kioo, akauliza. Mjukuu wangu akavuta pumzi, akajibu kwa Kiingereza, na katikati ya maneno nikasikia neno "udi".

Yule mzee akaomba arudie. Akarudia. Walimu wakatazamana.

"Wanasemaje?" akauliza mke wangu kutoka mlangoni, ambako alikuwa amesimama na sinia tangu mwanzo.

"Wanataka kujua ulichoma nini, Bibi."

"Udi. Na ubani. Mwambie sukari nimeipunguza, daktari kanikataza."

"Na majivu yalikuwa kiasi gani?"

"Kiasi cha kutosha."

Ikatafsiriwa. Mzee wa ndevu akafunika mdomo kwa mkono, mabega yanamtikisika, na mimi nikawa tayari kumjibu, maana mke wangu nacheka naye mimi, si watu wa vioo. Lakini alipoondoa mkono alizungumza taratibu na kwa muda mrefu, na uso wa mjukuu wangu ukawa unabadilika.

Alipotutafsiria ilikuwa hivi. Kombora nalo linaacha masizi. Kwenye viwanja vile theluji si nyeupe. Kulizunguka kila shimo ni nyeusi, na nyeusi inavuta jua na kuyeyuka mapema. Walimu wanalijua hilo, yeye mwenyewe alilijua, lakini kwenye modeli yake alianza na theluji safi, kama wanavyoanza wengi, akaandika kwamba masizi atayaingiza baadaye.

"Anasema hilo baadaye limekwisha fika," akasema. "Limekuja na teksi."

"Umeshinda au umeshindwa?" nkauliza. Mimi napenda mzani ukae.

"Sijashinda. Hili bomba haliwezi kuhesabiwa, kwa sababu hakuna anayejua majivu yalikuwa kiasi gani. Wanataka nirudie. Matatu safi, matatu yenye masizi yaliyopimwa, na modeli niitengeneze upya." Akamgeukia bibi yake. "Chumba chao hakijapona. Wanauliza kama wataweza kukitumia cha hapa, mpaka nimalize. Hata ikichukua mwaka."

"Ukiwa hapa?" akauliza bibi yake.

"Nikiwa hapa."

Sinia lilipata mahali pa kukaa kwa bahati tu. Mimi nikamwambia mjukuu wangu awatafsirie kwamba chumba nimetoa, na sharti langu ni moja: kwenye karatasi zao za kisomi, pale panapoandikwa theluji ilitoka wapi, iandikwe Wadi Kabir, na isifupishwe.

Kazi ikabaki kwa mfukizaji. Mjukuu wetu alitaka majivu yaleyale, yapulizwe kwa namna ileile, lakini yapimwe kwanza kwenye mzani mdogo wa dhahabu alioazima kwa sonara.

"Mimi sifukizi kwa mizani," akasema mke wangu. "Na sifukizi bila ya dua. Wakitaka majivu matupu wakachukue jikoni."

"Soma dua yako, Bibi. Dua haina uzito, mzani hautoiona."

Akafikiri. Akakubali, lakini akasema baridi ile ya mume wake haingii tena na mtandio peke yake.

Basi ikawa siku ya kupuliza, Maskati nje inaungua, lami ya Wadi Kabir inashika viatu. Fundi kasimama mlangoni na chetezo kimezimwa na kupoa, majivu kwenye vikombe vitatu vya kahawa, kila kimoja kimepimwa. Mke wangu akatokea amevaa koti la mjukuu wake, lile godoro, limemfika miguuni, kofia yake ya manyoya imefungwa juu ya mtandio. Mapazia ya plastiki ya mlango wa chumba yakamkataa. Ikabidi fundi amsukume kidogo kwa nyuma.

"Mama, sasa wewe ni mtu wa kwetu kabisa," akamwambia.

"Nyamaza wewe, uliyefungua mlango."

Akasimama mbele ya bomba la kwanza, akasoma yake kimya kimya, midomo inatoa moshi wa baridi, akapuliza. Phuuu. Majivu yakatua. Mjukuu wetu akaandika.

Kuku wangu wa chumba cha pili mpaka leo wana harufu ya arusi, na wako wateja wanaorudi kuwaulizia wao hasa. Na lile koti limebaki kuning'inia kwenye msumari kule dukani, linanuka udi na nguru. Mjukuu wangu anasema halifai tena, hata akitaka kurudi nalo kule hawatompandisha ndege. Bibi yake akasikia, akaenda akalifukiza tena.